Kadi ya Sitini na Tatu

Nimekaa katika miji mingi yenye vyuo, nikasikia wanafunzi wakilalamika kwa lugha nyingi, lakini sijaona mtu aliyeogopa kurasa tano kama Tak Mi-ran alivyoziogopa zake. Ilikuwa Aprili, vitunguu vya wilaya ya Muan vikiwa bado kijani shambani. Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma nyumbani kwao kwa mwaka wa sita, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia mezani, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe.

Mi-ran alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kupanga na kusimamia chakula cha mchana katika shule ya sekondari: wali, supu, kimchi ya kabichi iliyochachushwa na vitoweo viwili kwa wanafunzi mia nne, kila siku ya shule. Jioni mbili kwa wiki alikwenda chuoni mjini kusomea shahada ya uzamili. Alikuwa ameanza miaka mitano iliyopita, na kanuni ya chuo ilisema muhula wa kumi ndio wa mwisho. Huu ulikuwa wa kumi. Ijumaa ya wiki ya tatu ya Aprili, msimamizi wake, Profesa Gil, alitakiwa kugonga muhuri wake wa jina kwenye fomu iliyobandikwa juu ya utangulizi wa tasnifu. Bila alama ile nyekundu, jina la Mi-ran lingefutwa katika daftari la chuo, na miaka mitano ingekuwa kama haikuwahi kuwepo.

Utafiti wake ulihusu mchuzi wa soya wa majumbani. Huku kwetu familia nyingi zina mtungi mmoja wa zamani ambao haumalizwi. Kila mwaka humiminiwa kidogo mchuzi mpya, na ule wa zamani unaulea mpya. Mtungi wa mama mkwe wake, Bibi Pyo, ulikuwa na zaidi ya miaka themanini. Uliletwa na bibi wa marehemu mume wa Bibi Pyo, naye aliufuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Mapitio ya machapisho Mi-ran alikuwa ameshayamaliza. Sitini na mbili kwa jumla: tasnifu, makala, ripoti. Kila moja aliiandikia kadi, na kila kadi ilikuwa na mistari mitano: nani, aliuliza nini, aliona nini, aliyatoa wapi, aliacha nini. Saa nane mchana, jiko la shule likishaoshwa na wapishi wenzake wakiwa wameketi nje wakimenya figili za kesho, alizitandaza kadi juu ya meza ya chuma akazipanga mafungu mafungu. Fungu kubwa, wanaosema mchuzi wa nyumbani ni nini. Fungu la pili, wanaopima chumvi na chachu. Fungu la tatu, wanaouliza familia zinaurithishaje. Halafu lile fungu dogo la mwisho, ambalo Profesa Gil aliliita mlango.

"Mapitio yanasema kila mtu kasema nini," Profesa aliwaambia wanafunzi wake kila mwaka. "Utangulizi unasema kwa nini na wewe unafungua mdomo. Anzeni na swali, mliweke mwisho. Kisha rudini nyuma, fungu baada ya fungu, mpaka msomaji alione swali linamjia lenyewe."

Mlango wa Mi-ran ulikuwa huu. Watafiti wote wa maabara ya Profesa Gil, tisa kwa idadi, waliandika kwamba mtungi wa zamani haupiti miaka kumi na mitano: chumvi huizidi chachu, ladha hufa, familia huanza upya. Hakuna aliyeuliza kuhusu familia chache zinazovuka miaka hiyo. Hapo ndipo yeye angeingia, na mtungi wa mama mkwe wake ungekuwa ajabu la kuchunguzwa.

"Nani kasema mtungi wangu ulipaswa kufa?" aliuliza Bibi Pyo siku aliposikia.

"Watafiti, mama."

"Wamekuja kuuonja?"

"Hawajaja."

"Basi wamemtabiria mgonjwa wasiyemjua," alisema Bibi Pyo, akaendelea kula.

Kilichomtia Mi-ran hofu mwanzoni kilikuwa kidogo sana. Siku ya utetezi angekuwepo mtahini wa nje, mwanamke aliyejulikana kwa kuuliza nambari ya ukurasa. Mi-ran alizipitia kadi zake tisa, mstari wa nne: aliyatoa wapi. Wanane walimtaja mwanafunzi aliyewatangulia pamoja na Gil, tasnifu ya udaktari, 1994. Wa tisa, aliyewatangulia wote, alimtaja Gil peke yake. Na Gil alitaja ripoti moja ya kilimo ya wilaya, ya mwaka 1968. Ripoti hiyo Mi-ran hakuwa ameisoma. Alichukua kadi tupu, akaandika 63 kwenye pembe.

Alimpigia simu Ok Jae-min. Jae-min alikuwa na miaka thelathini na mmoja, lakini aliingia maabara kabla yake na sasa alisomea udaktari, kwa hiyo kwa mpangilio wao yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyempa Mi-ran faili la utangulizi wake mwenyewe alilopewa na aliyemtangulia, ambaye naye alipewa. Maabara nzima iliandika hivyo. Ulipokea faili, ukatoa kidogo, ukaongeza chako, ukamwachia anayefuata.

"Mkubwa, ile ripoti ya sitini na nane unayo?"

"Dada Tak, nani anayo? Mimi nilimtaja Profesa, basi."

"Wewe hukuisoma?"

"Profesa aliisoma. Mimi nani nisome nyuma yake?"

Jumatano Mi-ran aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda chumba cha kumbukumbu cha wilaya. Karani alimletea kitabu chembamba chenye harufu ya ukungu. Jedwali lilikuwa ukurasa wa thelathini na saba. Alilisoma mara moja, kisha akaomba rula.

Safu ya pili: idadi ya kaya zilizoacha kuutunza mtungi wa zamani. Safu ya tatu: umri wa mtungi ulipoachwa, kwa miaka. Kumi na tano ilikuwa katika safu ya pili. Kaya kumi na tano. Katika safu ya tatu mlikuwa na arobaini na moja, sitini, ishirini na saba, sabini na mbili. Na maelezo chini ya jedwali yalisema kaya nyingi ziliacha kwa sababu mitungi ilivunjika wakati wa vita au ilibaki nyuma watu walipohama. Kuhusu chumvi kuua chachu, hapakuwa na neno.

Aliweka rula chini ya mstari ule mara nne. Kijana Gil wa mwaka 1994 alikosea safu, akaitafutia nambari ile sababu ya kisayansi iliyopendeza, na tangu hapo watu tisa walikuwa wamesimama juu ya kosa lile, wengine wakiwa sasa ni walimu katika vyuo vingine. Yeye mwenyewe aliishi nyumba moja na mtungi wa miaka themanini, akala mchuzi wake kila siku, na bado alikuwa ameamini karatasi.

Alipiga picha ukurasa, akaituma kwa Jae-min. Jibu halikuja kwa maandishi. Jae-min alipiga simu, na alizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba Profesa yuko chumbani.

"Dada, umemwonyesha mtu mwingine?"

"Bado."

"Usimwonyeshe. Sikiliza. Acha utangulizi ulivyo. Gongesha muhuri, tetea, uchukue shahada yako. Halafu baada ya miaka miwili uandike makala ya upole, useme data imepatikana mpya."

"Ya mwaka sitini na nane, mpya?"

"Dada Tak, mimi tasnifu yangu yote imekaa juu ya hiyo kumi na tano. Unanifahamu?"

"Nakufahamu."

"Na Profesa anastaafu mwakani. Utamwambia nini? Kwa mdomo gani?"

Hakuwa na mdomo huo. Alhamisi aliandika tangulizi mbili kwenye meza ile ya chuma. Wa kwanza ulikwenda kwa urahisi, kwa kuwa ulikuwa umeshaandikwa na wengine. Alibadilisha maneno hapa na pale. Wa pili ulimtoa jasho. Fungu la mwisho la kadi halikuwa tena mlango, kwa sababu ajabu lililokuwa nyuma yake halikuwepo. Alizikusanya kadi zote, akaanza kupanga upya. Sasa zile tisa zilikuwa fungu moja, kadi ya sitini na tatu ikakaa juu yao, na swali likawa jingine: ikiwa mitungi haikufa yenyewe, nini kiliikatisha, na nani aliyeilea ile iliyobaki? Aliona kwamba swali hili lilikuwa bora. Kuona hivyo kulimtisha zaidi, maana sasa hakuweza hata kujidanganya kwamba utangulizi wa kwanza ni sawa na wa pili.

Siku ile supu ya shule ilitoka bila dagaa. Alisahau kuagiza watiwe. Katika miaka kumi na nane ya kazi jambo hilo halikuwahi kutokea.

Ijumaa asubuhi Bibi Pyo alimsubiri mlangoni na chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mama Yubin," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama kawaida, "mpelekee mwalimu wako. Mchuzi wenyewe."

"Mama, sheria hairuhusu. Hata kahawa hatumpi."

"Sheria inaogopa mchuzi?"

"Inaogopa mimi nikitaka muhuri."

Bibi Pyo alimtazama. "Mbona uso kama karatasi? Umekosa nini?"

"Sijakosa mimi."

"Basi unaogopa kwa niaba ya nani?"

Mi-ran aliuinua mkoba, akatoka. Alikuwa na tangulizi zote mbili katika mkoba, wa kwanza mfuko wa kulia, wa pili wa kushoto, na fomu mbili zilizojazwa sawasawa. Njiani kwenye basi alibadili mawazo kila kituo. Mbele ya ofisi ya Profesa alivua koti, akalivaa tena, akabisha.

Profesa Gil alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi cha zamani. Kwenye dawati palikuwa na kalamu nyekundu, kijisanduku cha muhuri na kidau cha wino, vimepangwa mstari mmoja. Mi-ran aliinama, akaingiza mkono katika mkoba, akatoa kurasa za mfuko wa kushoto, akampa kwa mikono miwili. Aliniapia kwamba mpaka dakika ile hakuwa ameamua. Mkono ulikwenda huko wenyewe.

"Keti," alisema Profesa.

Alisoma kurasa mbili bila kugusa kalamu. Katika ukurasa wa tatu alisimama. Mi-ran alikuwa ameandika sentensi ndefu ya adabu: kwamba huenda palikuwa na tofauti ya usomaji wa jedwali husika katika tafiti za awali. Profesa alikohoa, akanyoosha mkono.

"Nakala unayo?"

Alimpa fotokopi. Profesa alifungua droo, akatoa rula, akaiweka chini ya mstari. Aliisogeza juu. Akairudisha. Nje wanafunzi walikuwa wakicheka kwenye ngazi. Mi-ran alihesabu vigae vya sakafu kutoka kiatu chake hadi mlangoni, vilikuwa kumi na moja.

"Ok Jae-min ameiona hii?" aliuliza Profesa, macho bado kwenye karatasi.

Hili hakuwa amejiandaa nalo. Akisema ndiyo, anamwangusha Jae-min aliyemwomba anyamaze. Akisema hapana, ameongeza uongo juu ya kosa.

"Nilimtumia mimi, Profesa. Juzi."

"Akasema nini?"

"Kwamba tasnifu yake imekaa juu ya hiyo nambari."

"Ni kweli," alisema Profesa. "Nitazungumza naye." Kwa sauti ile hakuna ambaye angejua atazungumza naye vipi.

Kisha alichukua kalamu nyekundu. Aliikata ile sentensi ndefu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akaandika juu yake kwa herufi ndogo nadhifu: *Gil (1994) alisoma safu isiyo yake.* Alisoma mpaka mwisho, akakunja kurasa.

"Kaya kumi na mbili ulizopanga kuhoji hazitoshi kwa swali hili. Nataka arobaini. Kabla ya mwisho wa Mei."

"Arobaini, Profesa?"

"Swali umelikuza wewe."

Alifungua kijisanduku, akaugusisha muhuri kwenye wino, akaubonyeza kwenye fomu, akaupulizia ukauke. Mi-ran aliinuka kupokea. Profesa hakuiachia karatasi mara moja.

"Ukifika kwenye shukrani," alisema, "mimi usinitaje."

Huku kila tasnifu huanza shukrani zake na msimamizi. Asipotajwa, watu huuliza kulikuwa na ugomvi gani. Mi-ran alitaka kuuliza kama amekasirika, au ni aibu, au ni namna ya kumwachia nafasi. Hakuthubutu. Aliinama mara mbili, akatoka kinyumenyume.

Alizipata kaya arobaini na mbili, Bibi Pyo akimtangulia kwenye nyumba za wazee kama mpiga mbiu. Jae-min hakumpigia tena simu. Aliuahirisha udaktari wake kwa mwaka mmoja. Tasnifu ilitoka Agosti, jalada jeusi lenye herufi za dhahabu, na shukrani zake zinaanza na Bibi Pyo na mtungi wake. Nakala ya kwanza alimpelekea Profesa Gil. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuifungua.

Nilidhani hofu ingeishia hapo. Lakini wiki ile ile nilimkuta Mi-ran uwani kando ya mitungi, tasnifu yake imefunguliwa kwenye jedwali la kumi na moja, rula mkononi, Bibi Pyo akisoma nambari kwa sauti kutoka kwenye madodoso yaliyojazwa kwa mkono.

"Thelathini na nne," alisoma Bibi Pyo.

"Safu ipi, mama?"

"Ya tatu. Umeniuliza jana pia. Imeshachapwa, Mama Yubin, utaifanya nini?"

"Soma tena," alisema Mi-ran, na rula ikashuka mstari mmoja.