Alama ya V Katika Chupa ya Achari

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari Bagamoyo, nikiishi kwa wakwe zangu, mtaa wa Dunda. Asubuhi moja tukinywa chai kwa vitumbua, redio ikatangaza kuwa wataalamu wa ng'ambo wameona dalili za chembe mpya, ndogo kuliko atomu, nao hawajui ni kitu gani.

Mama mkwe akatua kikombe. "Hawajui, na bado wanatangaza?"

"Wameona nyayo tu, mama. Mwenyewe hawajamwona."

"Na wewe huwezi kuziona nyayo hizo?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Chuoni nilifundishwa kwamba chembe za namna hiyo hutupitia mchana na usiku, na kwamba zikipita kwenye mvuke wa spiriti uliopozwa sana huacha nyuzi za ukungu. Nikaomba chupa ya kioo. Mama mkwe akanipa chupa kubwa ya achari, ya mdomo mpana, ambayo kifuniko chake kilikuwa na bitana ya kitambaa kinene. Mjomba wangu, aliyekuwa akipeleka samaki Dar es Salaam, akaniletea kutoka kiwandani barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa, baridi kupita barafu ya maji.

Tuliiosha chupa, tukalowesha bitana kwa spiriti, tukaiketisha chupa juu ya barafu. Wanafunzi wa kidato cha nne wakafunga mapazia ya maabara, nikawasha taa ya projekta. Tukasubiri. Mara uzi mweupe ukapita, mwembamba kama wa buibui, ukatoweka. Darasa zima likapiga kelele.

Kisha ikatokea alama nyingine: mistari miwili minene, mifupi, imeanzia mahali pamoja kama herufi V. Baadaye kidogo, V nyingine. Nikasogeza uso karibu na kioo, kwa maana nilikumbuka kusoma kwamba chembe ngeni ziliwahi kugunduliwa kwa alama za namna hiyo hiyo.

"Mwalimu, hii ndiyo ile ya redioni?" akauliza binti wa mstari wa mbele.

"Sijui," nikajibu, na kwa kweli sijawahi kulisema neno hilo kwa furaha kiasi kile.

Wiki ile shule nzima ilizungumzia V. Nikampigia simu mhadhiri aliyenifundisha, naye Jumamosi akaja. Akakaa kwenye stuli, akatazama mpaka V ikatokea, akatabasamu.

"Chupa hii ilikuwa na nini?"

Nikamwita mama mkwe, aliyekuwa amefuatana nami kushuhudia.

"Shikamoo, mama," mhadhiri akaamkia.

"Marahaba, baba. Mwanzo nilitia achari. Baadaye mzee wangu akawa anawekea humo vile vifuko vya uzi vya karabai, vinavyong'ara."

Mhadhiri akacheka mpaka akafuta macho. Akaeleza kuwa vifuko vile hutiwa thoriamu, madini ambayo atomu zake hupasuka zenyewe, na vumbi lake lilikuwa limebaki kwenye bitana ambayo hatukuifua. Gesi itokayo humo, atomu yake moja hupasuka mara mbili kwa kufumba na kufumbua, na kila mpasuko huchora mstari. Hiyo ndiyo V yetu.

"Kwa hiyo si mpya," nikasema, na sauti ilinishuka.

"Si mpya. Lakini umeona atomu moja ikifa mara mbili. Wangapi wameliona hilo?"

"Na hao wa redioni?" mama mkwe akadakia. "Chupa zao wamefua bitana?"

"Hilo ndilo wanaloulizana sasa hivi, mama."

Tulibadilisha bitana, V zikakoma, nyuzi nyembamba zikaendelea kupita. Wanafunzi hawakuvunjika moyo hata kidogo; Jumatatu walinijia na majivu, chumvi, mchanga wa pwani na saa ya babu wa mmoja wao, wakitaka kila kimoja kipimwe.

Mama mkwe ndiye aliyelieneza jambo lile mjini. Katika kila shughuli ya arusi alisimulia kwamba mkwewe alikaribia kugundua kitu. Mtu akimuuliza kitu gani, alinyoosha vidole viwili, akaendelea kumenya vitunguu.