Kosa la Ijumaa la Mwalimu Athanasi

Ukungu bado umelalia migomba ya Nyakakika, na ndani ya darasa harufu ya maua ya mibuni imeingia bila kubisha hodi. Mwalimu Athanasi Rwezaura anaandika majibu ya hesabu ubaoni, polepole, kama mtu anayechora. Nyuma yake wanafunzi sitini na mmoja wa Darasa la Saba wameshika vipande vya penseli nyekundu. Kila mmoja anasahihisha daftari lake mwenyewe.

Hakuna anayechungulia la jirani, hakuna anayefuta. Mwandishi huyu, ambaye enzi zake angejipa alama zote hamsini bila haya, anabaki ameduwaa.

Ndivyo walivyolelewa hapa. Alfajiri huwatekea maji wazee wa jirani, kisha hupiga hesabu ishirini za kichwa kabla ya uji. Ripoti zao zina safu mbili, masomo na tabia. Aliyefaulu moja tu, Mwalimu humwita nusu mwanafunzi.

Lakini leo, Ijumaa hii ya Juni 1990, jibu la nne ni la uongo. Robo tatu ya 48 ni 36. Ubaoni pameandikwa 32. Mwalimu kaliweka makusudi, na kabla ya kipindi alininong'oneza. Tangu Januari anatega hivyo kila Ijumaa, na katika darasa hili hajasimama hata mmoja kumwambia amekosea.

"Desemba nastaafu," anasema. "Nikiwaacha hivi, mimi ndiye nusu mwalimu."

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1979. Shule ya masista ilikuwa na nafasi moja, na jaribio la Mwalimu ndilo lililoamua nani aende. Kampire, binti wa Mbonimpa aliyekuwa kibarua wa mashamba ya kahawa, alikuwa na kichwa chepesi kuliko wote. Siku hiyo Mwalimu alikuwa na homa, akaandika majibu matatu yasiyo sahihi. Kampire alikuwa ameyapata yote matatu. Akatazama ubao, akachukua penseli nyekundu, akajikosesha. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mwalimu aligundua wakati wa likizo, alipokuwa akipitia madaftari. Alitembea kilomita kumi na moja hadi kwa Mbonimpa kuomba radhi. Masista walikuwa wameshafunga orodha.

"Nilimuuliza kama hakuona," anakumbuka, na machozi yanamlengalenga. "Akaniambia, 'Niliona, Mwalimu. Lakini wewe ndiye uliyeandika.'"

Hilo limemkaa moyoni miaka kumi na moja. Anasema aliwafundisha watoto wasiibe alama, lakini hakuwafundisha kumwambia mkubwa ukweli kwa adabu. Wazazi wengine wamelalamika kwamba anawafundisha watoto kubishana na wakubwa. Yeye huwasikiliza, huwashukuru, na Ijumaa huandika kosa lingine.

Anamaliza kuandika, anapangusa chaki mikononi, anangoja. Nje ukungu unainuka taratibu hadi vilima vinaonekana, kimoja nyuma ya kingine.

Kisha msichana wa dawati la tatu anasimama. Anaitwa Nyirabageni.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba radhi. La tisa si sahihi."

La tisa? Mwalimu ananitazama, nami namtazama. Anageukia ubao. Kumi na saba mara ishirini na nne, ameandika 398. Anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Ni 408. Hilo hakulitega, amekosea kweli.

"Na la nne pia," Nyirabageni anaongeza, sauti ikififia.

Mwalimu anamuuliza ameona saa ngapi. Tangu yalipoandikwa, anajibu, ila alikuwa anaogopa.

"Na sasa?"

"Bado naogopa, Mwalimu."

Mzee anampa chaki, kisha anaketi kwenye dawati la msichana huyo kama mwanafunzi, huku Nyirabageni akisahihisha ubao. Amefurahi waziwazi, wala hafichi.

Kampire ameolewa Kimuli, analima maharage na kahawa, na bintiye mkubwa ataanza Darasa la Kwanza Januari. Mwalimu ameshaandika barua kwa shule ya msingi ya huko Kimuli, akiomba asubuhi moja kila wiki ya kufundisha hesabu bila malipo.

"Sitaki anishukuru," anasema. "Nataka mtoto wa Kampire anisahihishe, mama yake akisikia."