Bibi wa Ukutani na Gauni Lisilo na Mgongo

Enzi zetu pale Jeppestown, Johannesburg (ndiyo, nina miaka ishirini na saba na tayari nina enzi), mtoto hakupewa simu ya kuchezea. Alipewa kazi ya heshima: kumgeuza Mzungu ukutani kila ikiadhiniwa.

Mzungu mwenyewe alikuwa picha ya rangi ya mafuta, mwanamke wa zama za Malkia Viktoria, gauni la kijani, mikono imevimba begani kama maandazi ya Mama. Baba, fundi cherehani kutoka Tanga, alipewa na familia moja ya mtaa jirani wa Kensington iliyokuwa ikihama, akaitundika sebuleni juu ya cherehani. Mama hakutaka sura ya mtu iwakodolee macho wanaoswali. Basi mimi na dada yangu Mwanaidi tulipanda kiti, tukamgeuza, vumbi na harufu ya mbao kuukuu vikatujaa puani. Swala ikiisha, bibi anarudi kazini.

Kazi yake ilikuwa kudanganya wateja. "Gauni hilo kalishona babu yangu, Tanga," Baba aliwaambia maharusi. Nikiwa na miaka minane nikauliza, mbele ya mteja, babu huyo alizaliwa mwaka gani.

"Eish, fundi, mwanao polisi!" mteja akacheka.

Mama akanifinya paja. "Maswali peleka shule, huko wanalipwa kuyajibu."

Mchoraji alichora mbele tu. Mgongo wa gauni hakuna aliyeujua. Baba akaubuni: zipu, na juu yake kamba za kukaza kama za kiatu. Hivyo maharusi wa Jeppestown waliolewa mbele Ulaya, nyuma Tanga.

Nilipofika chuo kikuu nilimpiga bibi huyo picha kwa simu, nikamwonyesha mhadhiri wangu. Akasema mwanamke hajulikani, mchoraji hajulikani, na huenda hata gauni si lake, maana baadhi ya wachoraji wa zama zile waliweka magauni ya kuwavisha wateja. Nilikimbia nyumbani kutangaza ushindi. Baba hakuacha kukata kitambaa.

"Kumbe naye aliazima," akasema. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi ya babu yake. Hongera kwangu, msomi.

Mwezi huu Mwanaidi anaolewa, na gauni analitaka hilohilo. Macho ya Baba yameingia ukungu, picha haioni. Mashemeji, vijana wa kisasa wanaoamini kila kinachotoka kwenye simu, walishauri tuagize mtandaoni, lije kwa siku tatu, kwa kipimo cha mtu mwingine.

Baba akaniita. "Nisomee mikono."

Nikasimama mbele ya bibi, nikasoma: mikunjo saba begani, inabanwa kiwikoni. Alishona kwa kupapasa.

"Na mgongo?" nikauliza.

"Mgongo naujua."

Jana shangazi wa bwana harusi alilishika gauni, akauliza mtindo huo umetoka wapi. Baba akainamia cherehani. Nikamwona anasubiri nimuumbue.

"Babu yake Baba ndiye aliyemshonea huyo bibi," nikasema. "Tanga."

Baba akakohoa, akaongeza: "Vipimo alichukua mara mbili. Alikuwa msumbufu bibi huyo."

Adhana ikasikika. Enzi zile tulihitaji kiti na watoto wawili. Siku hizi namfikia bibi na kumgeuza nikiwa nimesimama, peke yangu.