Nilivyouza Biri kwa Posta Mpaka Muswada Ulipokuja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jani la tumbaku nikaambiwa nifumbe macho. Ilikuwa ghalani Urambo, mkoani Tabora, na aliyenipa jani hilo alikuwa Mteuzi Mkuu, bwana mrefu aliyevaa koti jeupe kama la daktari. Aliniuliza jani lile limekaushwa kwa mvuke au kwa moshi. Nikalinusa, nikasema moshi. Akaniambia nirudi kesho, nioge, nisijipake mafuta yenye harufu.

Mteuzi, kwa ninyi vijana mliozaliwa huku Sydney, ni mtu anayesimama kati ya mkulima na mnunuzi. Mkulima analeta mitumba yake ya tumbaku kutoka kwenye mabani, yaani vile vibanda vya kukaushia, na mteuzi anafungua kila mtumba, anashika jani, analitazama kwenye mwanga, analikunja, kisha anataja daraja lake. Jani la chini ya mche lina daraja lake, la katikati lake, na la juu lake. Daraja moja likikosewa, ada ya shule ya mtoto wa mtu imekwenda. Mteuzi Mkuu alikuwa akituambia kwamba mkulima akikasirika tumweleze, na mnunuzi akikasirika tumweleze vilevile, lakini daraja tusilibadilishe. Nilikaa naye hadi nami nikavaa koti jeupe.

Mke wangu ni muuguzi. Alipopata kazi Australia nilimfuata pamoja na watoto, na huku hakuna aliyehitaji mteuzi wa tumbaku. Nilisafisha ofisi, nikapanga mizigo katika duka kubwa la Merrylands, nikaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Tulipohamia Minto ndipo niliposikia kwamba kwenye eneo la viwanda kuna ghala linalouza biri kwa posta. Biri ni ile sigara nene inayosokotwa kwa mkono, majani matupu bila karatasi.

Mwenye Kampuni alinihoji mwenyewe. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye nyusi nene, mtu wa maneno machache. Alinipa biri moja akauliza nionavyo. Niliibonyeza taratibu kwa vidole viwili, nikamwambia imekauka upande wa kichwani, ilikaa karibu na mlango. Akauliza kama navuta. Nikasema sijavuta maisha yangu yote.

"Vizuri," alisema. "Wanaovuta huniibia."

Nilianza kama mpakiaji. Baada ya muda nikawa mtunza chumba, kisha msimamizi wa ghala, na hapo ndipo nilipofikia. Chumba ninachokisema ni chumba cha unyevu, ambamo biri huhifadhiwa. Biri ina sehemu tatu. Kuna moyo, ambao ni majani yaliyokunjwa katikati, kuna jani la kuufunga moyo huo, na kuna ganda, jani laini la nje linaloonekana. Hewa ikiwa kavu, ganda linapasuka. Ikiwa na maji mengi, ukungu unaingia. Vilevile kuna fukusi, kidudu kidogo cha kahawia kinachotoboa biri kama sindano, na dawa yake ni kuigandisha biri kwenye friza kisha kuirudisha kwenye joto polepole. Katika muda wangu wote hatukupoteza shehena hata moja kwa fukusi. Hilo nalisema kwa kujivuna, na sioni haya.

Sheria nazo zilibadilika mikononi mwetu. Ilipokuja ile ya vifungashio visivyo na urembo, tulikaa wiki nyingi tukiondoa zile pete za rangi za dhahabu na kuzitia biri kwenye mifuko yenye rangi ya matope na picha za magonjwa. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilikuwa nimeshazoea kufanya kazi chini ya sheria tangu Urambo, nikaipanga kazi ile ikaisha.

Wateja wetu wengi walikuwa watu wa mbali. Walikuwa wafugaji wa bara ndani, wazee waliostaafu migodini, na mama mmoja mjane aliyeagiza biri moja tu kila mwaka, akaiweka mbele ya picha ya mumewe. Watu hawa dukani hawafiki. Sisi ndio tulikuwa duka lao.

Kisha ikaja korona. Maduka ya mjini yalifungwa, treni zikaenda tupu, na maagizo yetu yakaongezeka kuliko tulivyowahi kuona. Tulifanya kazi kwa zamu, kila mmoja kwenye meza yake, barakoa usoni. Jambo moja lilibadilika ambalo hatukulitilia maanani mwanzoni. Zamani mtu wa posta alikuwa anagonga mlango, anampa mtu parseli na mtu anatia sahihi. Wakati wa korona kushikiana kalamu kulikatazwa. Parseli iliachwa mlangoni na mtu wa posta akaenda zake.

Katikati ya hayo, mbunge mmoja wa Bunge la jimbo letu alileta muswada. Ulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni ada mpya kwa kila parseli ya biri. La pili, na hili ndilo lililotutisha, ni kupiga marufuku kabisa kupeleka biri nyumbani kwa mtu kwa njia ya posta. Mwenye Kampuni alitukusanya uani, tukasimama mbalimbali, akatusomea. Aliposema kwamba ukipita ghala litafungwa, nilitazama watu wangu. Wengi wao walikuwa Warundi waliotoka kambi za wakimbizi Tanzania, watu niliowaleta kazini mimi mmoja mmoja, na kwa wengine ile ilikuwa kazi yao ya kwanza ya kudumu tangu wazaliwe.

Siku chache baadaye simu ya ghala ililia. Mama mmoja alianza kwa Kiingereza, akanisikia nikijibu kwa lafudhi ya kwetu.

"Papa, wewe ni mutu wa wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

Nikamwambia ni wa Tabora. Akasema yeye ni Mrundi, anakaa Merrylands, wanamwita Mama Divine. Akaeleza bila kupandisha sauti. Binti yake wa miaka kumi na mitano ameagiza kwetu boksi la biri kwa kadi ya baba yake. Tovuti yetu ilimuuliza kama ametimiza miaka kumi na minane, akabonyeza ndiyo. Parseli ikaachwa mlangoni, naye akaiokota.

Nilimuuliza kama mtoto amevuta. Akasema hapana. Baba yake aliwahi kusifia biri alizoziona kwenye televisheni, na binti alitaka kumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu kazi ya baba ilikuwa imesimama na nyumba ilikuwa na huzuni.

"Mutoto hakukosea sana," alisema. "Lakini ninyi mulijua kama ni zawadi?"

Nilimwambia hatukujua. Nilimrudishia pesa yake siku ileile, na boksi akalirudisha kwa posta, kwa maana wakati ule wa korona mtu wa Merrylands hakuruhusiwa kutoka eneo lake wala mimi kumfuata.

Nilikwenda kwa Mwenye Kampuni nikamweleza yote. Nikamwomba ruhusa kwamba kuanzia siku ile parseli isitoke mpaka mmoja wetu amempigia simu mnunuzi, amemsikia na ameona kitambulisho chake kwenye simu. Alisema itatuchelewesha. Nikasema kweli, itatuchelewesha. Aliniruhusu. Warundi wangu waligeuka kuwa wapiga simu hodari, na wale wazee wa bara ndani walifurahi kupata mtu wa kuongea naye, maana nao walikuwa wamefungiwa peke yao.

Kamati ya Bunge ilipoanza kusikiliza maoni, kampuni iliombwa imtume mtu aeleze kazi inavyofanyika. Mwenye Kampuni alinichagua mimi. Wakili wake aliniandikia maelezo ya kusoma, na ndani yake kulikuwa na sentensi kwamba hakuna parseli yetu iliyowahi kumfikia mtoto. Nilirudi ofisini nikamwambia Mwenye Kampuni kwamba sentensi ile sitaisoma, na wakiniuliza nitawaambia habari za binti wa Merrylands.

"Unajua ni watu wangapi watakosa kazi?" aliuliza.

"Nawajua kwa majina," nikamjibu. "Ni mimi niliyewaleta."

Aliinuka akaenda dirishani. Nilidhani atamtuma mwingine, na moyoni nilikuwa nimekubali. Nyumbani nilishamwambia mke wangu kwamba huenda nikarudi bila kazi. Yeye, anayefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa mapafu na hajawahi hata siku moja kunisema kwa ajili ya ghala lile, aliniambia tu nipige pasi suti ya kuvaa kikaoni.

Mwishowe Mwenye Kampuni aligeuka. "Usingoje waulize," alisema. "Anza na hiyo. Ukingoja waulize, itakuwa tulificha."

Nimekuwa na wakubwa wengi. Huyo nilimheshimu zaidi siku hiyo.

Kikao kilifanyika kwa video. Nilikaa sebuleni kwetu Minto na suti na tai, mlango umefungwa, wajukuu wameambiwa wasipite. Nilianza na habari ya binti bila kumtaja jina. Kisha nikaeleza chumba cha unyevu, simu tunazopiga, wafugaji, na yule mjane. Mwenyekiti wa Kamati, mama wa makamo mwenye miwani, aliniacha nimalize. Akauliza kwa nini nimewaambia jambo la mtoto ilhali wao hawakulijua.

"Kwa sababu mnatunga sheria juu ya kazi yangu," nilimwambia. "Nataka muijue kama ilivyo."

Nikaongeza ombi moja. Wasifunge njia ya posta, bali waagize parseli ya biri isiachwe mlangoni. Ikabidhiwe mkononi kwa mtu mzima mwenye kitambulisho, na akikosekana, ingoje kwenye kaunta ya posta.

Kamati ilipotoa mapendekezo, marufuku ilikuwa imeondolewa na mahali pake pakawekwa makabidhiano ya mkononi. Ada ilibaki, na sheria ikapita hivyo. Sitawadanganya kwamba haikutuumiza. Bei ilipanda, wateja wengine wakaacha, jambo ambalo mke wangu aliliita habari njema, na wenzangu wawili walipunguziwa siku za kazi. Lakini ghala halikufungwa. Nchi ilipofunguliwa tena nami nikiwa nimefika umri wa kupumzika, nilikabidhi chumba kwa dada wa Kirundi niliyemfundisha. Anajua kuisoma biri kwa vidole vizuri kunishinda mimi.

Sasa nimestaafu. Juzi kanisani vijana waliniomba nisimulie kazi yangu, na binti mmoja wa Kikenya anayesomea uuguzi chuoni Kensington alisimama akaniuliza swali kwa Kiingereza, kwa adabu. Alitaka kujua ninawezaje kujivunia kuuza tumbaku na huku mke wangu anawauguza walioharibiwa nayo. Watu waliguna. Mimi sikukasirika, kwa sababu swali hilo nimeishi nalo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba sijivunii moshi. Najivunia kwamba nilikuta jani mkononi nikalifanyia kazi kwa haki, kwa mkulima, kwa mnunuzi, na kwa mtoto asiyepaswa kulishika.

Hakuridhika. Akauliza kama ningekuwa mbunge, je, ningeipigia kura ya ndiyo sheria ile ya ada na makabidhiano.

"Ningeipigia, mwanangu," nikamwambia. "Na asubuhi yake ningekwenda ghalani kuitekeleza."