Kiwanda Ambacho Hakuna Aliyeumwa Tumbo

Wafanyakazi arobaini na sita. Miezi minane. Hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo.

Hayo niliyasoma kwenye faili la kiwanda cha mtindi, asubuhi ya siku ya kwanza ya mafunzo ya usafi niliyokwenda kuwapa wafanyakazi, nikarudi kuyasoma tena.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Kwangu wiki haiishi bila mtu kukimbilia chooni. Halafu watu wazima wote hawa matumbo shwari miezi minane? Stashahada yangu ya usalama wa chakula sikuiokota barabarani.

Utaratibu ni kwamba kila siku kabla ya kuingia, mfanyakazi anajaza fomu. Umeharisha? Umetapika? Una kidonda? Anajibu, anasaini.

Nikafungua fomu za wiki ile. Ilikuwa Jumanne.

Zilikuwa zimeshajazwa mpaka Jumamosi.

Nikaingia nazo darasani, yaani chumba chao cha kulia chakula, nikaziinua juu.

"Hebu nielezeni. Ijumaa hamtaharisha, mmejuaje?"

Sauti kutoka nyuma ikasema, "Mwalimu, sisi tuna imani."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sikatai.

Msimamizi wa zamu, wanayemwita Dakika kwa jinsi anavyokimbiza watu, akanieleza bila aibu kwamba foleni ya fomu ilikuwa inachelewesha mashine. Ndiyo maana wanamaliza zote Jumatatu.

Mchana tukashuka kwenye mashine. Kulikuwa na mama mmoja anayefunika vikombe vya mtindi, wanamwita Mama Pacha. Alikuwa anatoka kila baada ya dakika chache. Mara ya nne nikamfuata, nikamsubiri mlangoni mwa choo.

Akatoka midomo imekauka, jasho linamtiririka.

"Tumbo limeanza lini?"

"Siumwi tumbo, mwalimu."

"Mama Pacha, nimelea watatu mimi. Usinizungushe."

Akatazama korido yote kabla ya kujibu. Tangu Jumapili, akasema. Ukisema unaumwa unarudishwa nyumbani bila malipo, na mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Mwenzake aliyesema ukweli mwaka jana hakuongezewa. Na wale pacha hawana baba.

"Sasa mwalimu, ungekuwa wewe ungejaza nini?"

Lakini vikombe vile vinaenda mashuleni. Nikamwambia avue aproni. Akaivua bila kunitazama.

Nikaenda kwa meneja wa kiwanda, akanisikiliza dakika mbili tu. Akasema kama kuna mtu ameleta vijidudu kwenye bidhaa zake, basi huyo anaondoka leo leo.

Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Chai ikapoa mezani. Nilikuwa nimemtoa mwanamke ukweli mdomoni, na ukweli huohuo ndio unamfukuzisha kazi. Ningelala vipi na jambo hilo?

Nikarudi kwa meneja.

Nikamwambia hivi: fomu zote zijazwe upya sasa hivi, na yeye mwenyewe atamke mbele ya watu kwamba atakayesema ukweli atalipwa siku za kuumwa na mkataba wake hautaguswa. Akikataa, sisaini cheti hata kimoja cha mafunzo. Bila vyeti, shule hazinunui.

Akakunja uso, lakini alitamka. Mbele ya wote.

Nikakusanya fomu mpya. Nikahesabu, nikarudia.

Kumi na moja walikuwa wagonjwa.

Meneja akashika kichwa. "Unaona? Mama huyo ameniambukizia kiwanda kizima."

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Mmoja wa wale kumi na mmoja ni mpakiaji wa zamu ya pili, hamjui hata kwa sura Mama Pacha, na alianza kuumwa wiki mbili kabla yake. Mwingine anafagia uwanja, vikombe havigusi kabisa. Nikawauliza mmoja mmoja: unakula wapi, unakaa wapi, unabadilisha nguo wapi?

Majibu ya wote kumi na mmoja yakakutana mahali pamoja. Chumba cha kubadilishia nguo cha nyuma. Kina sinki lake na tangi lake juu ya paa, na kwa kuwa maji ya kunywa yako mbali, wanakinga hapohapo na kunywa.

Fundi bomba akapanda. Alikaa juu muda mrefu.

Aliposhuka akasema mfuniko haupo, na mle ndani mna njiwa wawili waliokufa. "Wamekaa siku nyingi, mama."

Kwenye sinki lile ndiko nilikokuwa nawapeleka wafanyakazi, katika mafunzo, kunawa mikono tena na tena, sekunde ishirini, mpaka kwenye viwiko, huku nawafokea.

Mtindi wote uliokuwapo ghalani ulimwagwa. Tangi likaondolewa. Mama Pacha alilipwa siku zake, na mkataba ukaongezwa mwaka mzima.

Siku ya vyeti nilitegemea ataniambia asante. Alichukua cheti chake, akakikunja, akaniambia, "Tungesema zamani, mwalimu. Ila tulikuwa tunaulizwa na watu wanaotaka tuseme hapana."

Wewe unayesimamia watu, kazini au nyumbani, jichunguze. Kama ukweli unamgharimu mtu riziki yake, utaletewa faili safi. Na njiwa wako watabaki ndani ya tangi.