Aliyetoka Buchani na Kisu

Kila soko nililowahi kupita lina muuza nyama anayetaniwa, na huyu walimwita Steki kwa sababu alikuwa mwembamba kama ufagio. "Unauza nyama au unaitafuta?" wateja walimuuliza. Naye alijibu bila kuinua macho: "Mwone mke wangu, utajua nyama inakokwenda."

Bucha lake lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe mpaka usawa wa kifua, gogo la kukatia lililobonyea katikati, na feni ambayo nzi walishaizoea. Kazi alifundishwa na mjomba wake, pamoja na sharti moja: kisu hakilali juu ya gogo mteja akiwa dukani. Mjomba aliwahi kuona mlevi akiokota kisu cha muuza nyama mwingine, na hakutaka kuona tena. Kisu kiwe mkononi au kwenye ala kiunoni. Steki alilishika sharti hilo mpaka likawa sehemu ya mwili. Alipokea simu na kisu mkononi, akaonyesha watu njia kwa kisu, na mkewe alikuwa amempiga marufuku kujikuna akiwa kazini.

Ng'ambo ya kijia, mjane mmoja aliuza ndoo na mabeseni, wakamwita Mama Ndoo. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Steki, kwa hiyo wawili hao waliitana shemeji na kushambuliana kila asubuhi.

"Shemeji, leo umeoga?"

"Nioge na nini, na ndoo zako zote zinavuja?"

Siku yenyewe, wachukuzi wawili waligombania mzigo wa mteja mbele ya bucha. Maneno yakawa makofi, makofi yakawa ngumi, kisha mmoja akaokota kipande cha nondo. Steki alikuwa anakata mbavu. Akaruka kaunta, akatoka mbio.

"Acheni! Nawaambia acheni, mtauana!"

Aliinua mkono juu kama mtu anayesimamisha gari. Mkononi mlikuwa na kisu. Aproni ilikuwa imelowa damu mpaka magotini.

Ugomvi ulikwisha papo hapo, hilo hakuna aliyelikana. Lakini kijia kizima kilitimua mbio. Mabeseni yakavingirika, fundi saa akasukumwa akavunjika kiwiko, na mtu akawapigia polisi simu kwamba mwenye bucha amerukwa na akili. Polisi walimkuta Steki amesimama palepale, anashangaa watu wamekwenda wapi.

Wachukuzi walikiri kupigana hadharani, wakatozwa faini, wakarudi kwenye mikokoteni yao. Shtaka la Steki lilikuwa zito zaidi: kuzusha hofu mahali pa umma akiwa na silaha. Kaka za mkewe walimwekea dhamana, akarudi buchani, wakamtafutia na wakili, kijana mchangamfu, akamweleza mambo yalivyo.

"Mzee, sheria haiulizi kama ulitaka kumkata mtu. Inauliza kama mtu wa kawaida, amesimama pale na akili zake timamu, angeogopa. Wenzako wa sokoni wanakupenda, hakuna aliyekubali kuja. Fundi saa anasema aliona migongo ya watu tu. Upande wa mashtaka umebaki na shahidi mmoja. Tukimwangusha huyo, unarudi nyumbani."

Shahidi huyo alikuwa Mama Ndoo.

"Mmewahi kukosana?" wakili aliuliza.

Mkewe ndiye aliyekumbuka. Maji ya kuoshea bucha yaliwahi kutiririka mpaka kwenye mabeseni, na Mama Ndoo akaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa soko.

"Basi tumemaliza," wakili alisema. "Ni mwongo mwenye kinyongo."

Mkewe akasema, "Sawa, wakili."

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma, chini ya dirisha lililozibwa kwa katoni. Mama Ndoo alipanda kutoa ushahidi amejifunga mtandio vizuri, kama anayekwenda kutoa pole.

"Unamfahamu mshtakiwa?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Ni shemeji yangu."

"Ulipomwona na kisu, ulifanya nini?"

"Nilikimbia."

"Umkimbie shemeji yako?"

"Sikuona shemeji. Niliona kisu na damu." Alishika ukingo wa mbao kwa mikono miwili. "Nilikimbia mpaka kule kwenye mashine ya kusaga. Mjukuu wangu nilimwacha, mheshimiwa. Ana miaka miwili. Alikuwa amekaa katikati ya mabeseni, nikamruka, nikakimbia. Sijamwambia mama yake mpaka leo."

Wakili akasimama, akaweka tai yake sawa.

"Mama, si kweli kwamba wewe na mshtakiwa—"

"Kijana, kaa chini," Steki alisema kutoka kizimbani.

Hakimu alimwonya. Steki akaomba radhi, kisha akasema: "Naomba asiulizwe kitu, mheshimiwa. Nakiri kosa."

"Unajua unachokiri? Upande wako bado haujasikilizwa."

"Najua. Huyu mama akionekana mwongo hapa, basi atakuwa amemkimbia mtoto bila sababu. Sababu alikuwa nayo. Ni mimi."

"Baba watoto!" mkewe alipaza sauti. "Na hawa wa nyumbani je?"

Hakugeuka.

Hakimu alisema ameona kwamba alitoka kwenda kuamulia, na kwamba amekiri mwenyewe. Lakini soko ni la kila mtu, na mwenye kisu ana wajibu wa kujua mkono wake unabeba nini. Akamfunga miezi minane.

Kwenye korido askari waliwaachia nafasi kidogo. Mama Ndoo alimsogelea, mtandio umeanguka mabegani.

"Shemeji, ningesema nini?"

"Ulisema yaliyokuwepo." Akasita. "Mtoto alilia sana?"

"Hakulia. Niliporudi alikuwa anakuchekea. Yeye alikujua."

Askari akamgusa Steki begani, wakaenda naye.

Mkewe alipita mbele ya Mama Ndoo bila kumtazama. Nyama ya jana ilikuwa bado inaning'inia buchani, na kabla ya jioni ilibidi mtu aikate.