Kitambaa Chekundu cha Yiftah

Gereji ya kibutzi chetu, Ein Dolev, kijiji cha Israeli ambako mali ni ya wote na mambo huamuliwa kwa kura za mkutano mkuu, ilikuwa na sheria moja ambayo haikupigiwa kura. Yiftah Zilber, fundi wa mashine, aliitunga mwenyewe baada ya mtu kuwasha trekta huku mkono wa Yiftah ungali ndani. Alipoteza ncha za vidole viwili. Tangu hapo, kila alipofungua mashine alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, ishara kwamba mashine isiguswe, na aliyekifunga ndiye pekee aliyekifungua, hata kama yuko bwaloni anakunywa supu.

Kitambaa chenyewe kilitoka katika gauni kuukuu la mkewe, Ruhama, aliyesimamia nyumba ya dobi, palipofuliwa nguo za kibutzi kizima. Yiftah alizaliwa hapahapa, akalelewa na wenzake katika nyumba ya watoto, kama watoto wote wa kibutzi. Mikono yake haikuwahi kutakata grisi. Katika jeshi la akiba alikuwa luteni, mkuu wa vifaru vitatu, jambo ambalo Ruhama hakuacha kumtania kwalo.

"Jeshini unaamuru vifaru vitatu," alimwambia mbele ya watu, "ila soksi zako hujaweza kuziamuru ziingie kapuni."

"Vifaru vinatii, mke wangu. Soksi zinataka kwanza mkutano mkuu."

Mwaka 1973, Siku ya Upatanisho ilitukuta katikati ya mavuno ya pamba. Sisi si watu wa dini wala wa kufunga saumu; tulikuwa kazini. Yiftah alikuwa amelala chini ya mashine kubwa ya kuvunia, akibadilisha beringi, vita vilipozuka na gari la jeshi likaingia kuchukua askari wa akiba. Alinawa mikono, akambusu Ruhama, akaondoka. Kitambaa kilibaki kwenye usukani.

Habari zilikuja vipande vipande kutoka miinuko ya Golan. Kifaru chake kiliungua. Kuhusu yeye tuliambiwa tu kwamba hajulikani alipo. Ruhama aliendelea kupiga pasi. Mashati ya Yiftah aliyakunja na kuyaweka kwenye rafu yao.

Mawingu ya mvua yakaanza kukusanyika juu ya milima ya Gilboa. Mashine ndogo haikuweza kumaliza shamba, na pamba ikishanyeshewa haina bei. Mzee Zalman, mkuu wa mashamba, mmoja wa waliokianzisha kibutzi, alikuwa na ujuzi wa kutosha kumalizia matengenezo ya ile kubwa. Aliingia gereji mara kadhaa na spana mkononi. Kila mara alikitazama kitambaa, akatoka.

Hatimaye alilipeleka jambo lenyewe kwenye mkutano mkuu wa Jumamosi jioni.

"Sisemi kwamba hatarudi," alisema, akiikunja na kuikunjua kofia yake. "Nasema pamba haiwezi kungoja. Naomba tupige kura, kitambaa kifunguliwe."

Wanawake wakaacha kufuma. Ruhama alisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni.

"Mzee Zalman, watu hawa wamebishana mwaka mzima kama mtu aruhusiwe birika la chai chumbani kwake. Leo mnataka kupiga kura kama mume wangu yu hai?"

"Ni kitambaa tu, binti yangu."

"Basi inua mkono wewe wa kwanza."

Mzee Zalman hakuinua. Hakuna aliyeinua. Mwenyekiti akakohoa, akahamia ajenda ya viatu vya watoto.

Wiki iliyofuata alikuja kijana wa mji wa Dimona, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alijitambulisha kuwa Meshulam, mpiga mzinga wa kifaru cha Yiftah, ametoka hospitali. Ruhama alimkalisha kwenye meza ya kukunjia nguo, akamwekea chai.

"Ulimwona?" aliuliza.

"Nilimwona, dada. Alinisukuma nje kwanza. Nilipogeuka kumvuta, alikuwa ameshakufa. Kisha moto ukanifukuza."

Ruhama hakulia pale. Alimuuliza kama Yiftah aliumia muda mrefu. Hapana, alisema Meshulam. Akamuuliza kama alikula asubuhi ile.

"Alikula chakula changu!" Kijana alicheka, kisha akaona haya. "Alituchosha, dada, Mungu ni shahidi. Mtu akiingia chini ya kifaru, lazima kitambaa chekundu kifungwe mbele ya dereva. Tulimwita Mama Dobi. Lakini wote tulifunga."

Ruhama alimaliza kukunja shuka lililokuwa mkononi. Kisha akavuka ua hadi gereji, Meshulam nyuma yake. Mzee Zalman alikuwa huko, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alipowaona, akainuka.

Fundo lilikuwa limekaza. Ilibidi Ruhama atumie meno. Lilipofunguka alibaki ameshika kitambaa, akinusa grisi, na hapo ndipo alipolia, nasi tuliokuwa nje tukatazama pembeni.

Mzee Zalman alingoja hadi akatulia. Kisha akamnyooshea mkono.

"Nipe."

"Ukifanyie nini?"

"Nataka kuingia chini ya mashine, binti yangu. Ulidhani nitaingia hivihivi?"

Ruhama alimpa. Mzee alikifunga kwenye usukani kwa mikono yake mwenyewe, akalala chini, akaanza kukaza boliti. Alasiri alitoka, akakifungua, na mashine ikawaka. Mvua ilitukuta tukiwa tumebakiza mistari michache tu ya pamba upande wa bwawa la samaki, hiyo tuliiacha.

Mwili wa Yiftah uliletwa majira ya baridi, akazikwa chini ya misonobari. Kitambaa kiko gereji, kwenye msumari karibu na mlango. Kikichafuka sana, Ruhama hukifua mwenyewe, kisha hukirudisha kabla mafundi hawajaanza kazi.